Range Rover kuukuu kwa bei ya IST: dili au balaa?

Hili swali mtaani haliishi. Mtu kajichanga miaka mitatu apate hela ya Toyota IST, mara dalali anamwonesha Range Rover ya 2004 kwa bei karibu ile ile. Viti vya ngozi, V8, mlango ukifunga unalia "pu!" kama wa benki. Nani atataka IST tena? Tulieni kwanza.

Range inayozungumziwa ni ile ya kati ya 2001 na 2012, wenyewe wanaiita L322. Za mwanzo zina injini ya BMW, petroli ya lita 4.4 au dizeli ya lita 3, kwa sababu gari lilibuniwa BMW wakiwa ndio wenye kampuni, kabla ya kuiuza kwa Ford mwaka 2000. Baadaye zikaja na V8 ya Jaguar. Sasa wewe nenda Gerezani ukaulizie spea bila kujua yako ni ipi, uone utakachouziwa.

Kwa nini ni rahisi hivyo? Bei ya gari imeshuka, bei ya spea haijashuka. Ukiharibu giaboksi, gari halijui kwamba wewe umelinunua kwa bei ya IST.

Ugonjwa mkubwa uko kwenye miguu. Haina springi za chuma kama gari zetu, kila tairi limebebwa na mfuko wa hewa wa mpira, na kuna pampu inayojaza hewa, imefichwa kwenye buti chini ya tairi la akiba. Mpira ukizeeka unapasuka nyufa, hewa inavuja taratibu. Pampu inajitahidi kufidia, inafanya kazi muda wote, mwisho inaungua. Hapo mfuko mmoja tu umekuletea kazi mbili. Wapo wanaong'oa mfumo wote na kuweka springi, gari linatembea ila ule ulaini uliokuvutia ndio umekwenda.

Tuje kwenye mafuta. Ile 4.4 ya petroli kwenye foleni tuseme inakwenda kilomita 5 kwa lita. Ukiwa unakaa Mbezi na kazi iko Posta, kwenda na kurudi weka kilomita 40. Lita 8 kwa siku! Siku 22 za kazi ni lita 176. Kigari kinachokwenda kilomita 16 kwa lita kingekunywa 55. Zidisha mwenyewe kwa bei ya sheli ya leo.

Discovery 3 ndiyo kabisaa. Dizeli yake ya lita 2.7 inajulikana kwa kuvunja krenki, na kazi nyingine kubwa za injini mafundi wanaona rahisi kunyanyua bodi zima kutoka kwenye chesisi. Hiyo siyo kazi ya chini ya mwembe jamani.

Mwenye hamu ya shangingi aangalie Land Cruiser 100. Haishuki bei ovyo, na watu siyo wajinga, wanajua spea zipo na fundi yupo mpaka Sumbawanga.

Ukishindwa kabisa kujizuia, fanya hivi. Omba gari lilale sehemu tambarare usiku mmoja. Asubuhi kona moja ikiwa imelala chini, mfuko unavuja. Fika injini ikiwa ya baridi, muuzaji asiwe ameiwasha kabla. Lipia kupima kwa kompyuta, tena kwa fundi wako, siyo wa dalali. Swichi ikiwashwa taa za dashibodi ziwake zote kisha zizime, maana wapo wanaochomoa balbu. Na usidanganywe na namba E: hiyo inaonesha lini gari limesajiliwa Bongo, mwaka lililotengenezwa ni kitu kingine, usome kwenye kadi na ulinganishe namba ya chesisi kabla hujatoa hata elfu kumi ya "kushikia".