Msuluhishi Asiwe Hakimu

Anayedai shamba lake au fedha alizokopesha haombi mwenzake afungwe. Anataka arudishiwe mali, alipwe fidia, au mpaka utambuliwe. Kwa hiyo shauri la madai huamuliwa kwa kuangalia ushahidi wa upande upi ni mzito zaidi, wala halihitaji uthibitisho usioacha shaka kama kesi ya jinai. Wadaawa wanaweza pia kulimaliza kwa mapatano wakati wowote kabla ya hukumu. Ndani ya shauri moja, basi, mna kazi mbili: kupatanisha na kuamua. Historia ya Tanganyika, na baadaye Tanzania, inanishawishi kwamba kazi hizi hazifai kuwekwa mikononi mwa watu walewale.

Mwaka 1929 serikali ya Waingereza iliziweka mahakama za wenyeji chini ya maofisa wa utawala, si chini ya Mahakama Kuu. Chifu aliyesimamia ukusanyaji wa kodi ndiye aliyesikiliza ugomvi wa mashamba, na rufaa ilikwenda kwa mkuu wa wilaya, mkubwa wake kikazi. Aliyegombana na jamaa wa chifu angelalamika wapi? Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ilivunja mfumo huo: Mahakama za Mwanzo zikaingizwa katika ngazi moja na mahakama nyingine, hakimu akikaa na wazee wa baraza na shauri likisikilizwa kwa Kiswahili. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo ilichora mstari ulio wazi. Baraza la usuluhishi hujaribu kuwapatanisha wanandoa, na likishindwa hutoa hati ya kusema hivyo. Kuvunja ndoa ni kazi ya mahakama.

Mstari huo haukufuatwa kwenye ardhi. Mabaraza ya Kata yaliundwa mwaka 1985, na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002 ikayapa jukumu kuu la kuleta amani kwa usuluhishi, kisha ikayapa mamlaka ya kuamua migogoro ya mali isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3. Hapa ndipo kosa lilipo. Usuluhishi hutegemea watu kufunguka: mmoja akiri kwamba alisogeza mpaka hatua mbili, mwingine akubali kwamba alinyamaza miaka mingi. Lakini nani atakiri mbele ya mzee ambaye kesho atageuza kauli hiyo kuwa sababu ya kumnyang'anya shamba? Mwenye busara atafunga mdomo, na usuluhishi utakufa kabla haujaanza. Zaidi ya hayo, kuamua kuna masharti yake. Maamuzi kadhaa ya kata yalibatilishwa kwenye rufaa kwa sababu tu kumbukumbu hazikuonyesha akidi au ushiriki wa wanawake, na wadaawa wakaanza upya baada ya miaka ya kusubiri.

Marekebisho ya 2021 yaliyaondolea mabaraza hayo mamlaka ya kuamua, yakayaachia kusuluhisha kwa siku 30. Wakishindwa kuelewana, mdai huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo wanaoona kwamba mnyonge amepokonywa chombo cha karibu, na kwamba wazee wa kijiji wanaijua miti ya mipaka kuliko mwenyekiti aliyetoka mbali. Hoja ya pili nailipa uzito wote, ila ujuzi huo ni ushahidi: wazee wauseme wakiwa mashahidi, waulizwe maswali, na ikibidi baraza lifike shambani likaone. Hoja ya kwanza ni ngumu zaidi. Nauli ya kwenda wilayani, tena na tena shauri linapoahirishwa, inaweza kumfanya mjane aache haki yake. Hata hivyo, ukaribu wa baraza la kata haukuwa ukimlinda pale mdaiwa alipokuwa rafiki wa wajumbe. Anachohitaji ni baraza la wilaya linalokuja kusikiliza shauri tarafani kwake, kwa tarehe inayojulikana mapema.