Malewa: Mboga Iliyobaki Ng'ambo

Ukiingia soko la Mbale, Uganda, utaona vifungu vya kitu kikavu, cha rangi ya hudhurungi, kinachonuka moshi. Mgeni atadhani ni kuni za kuwashia jiko. Kumbe ni mboga. Yanaitwa malewa: machipukizi ya mianzi kutoka Mlima Elgon, yanayochumwa wakati wa mvua na kukaushwa juu ya moto. Unayaloweka usiku kucha, unachemsha, unakatakata, halafu unayapika kwa njugu za kusaga mpaka mchuzi uwe mzito. Wagisu huyala na matoke. Mimi nimeyala na ugali na sikuona shida yoyote.

Swali langu ni hili: mbona watu wa rika langu huku Kitale na Bungoma hatuyajui? Mlima ni ule ule. Wabukusu na Wagisu wanasikilizana lugha, na wote hutahiri vijana miaka ya shufwa. Kukhu wangu, upande wa Sirisia, akitaja malewa anayataja kama chakula cha wageni wa heshima. Mimi nimekulia mrenda, kunde na sukuma wiki.

Jibu moja liko kwenye ramani. Hadi 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakahamisha mkoa mzima wa mashariki ukaingia Kenya, na mlima ukabaki na wenyewe wawili. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walowezi walipewa mashamba Trans Nzoia. Reli ikafika Kitale 1926, na mahindi yakatawala. Kibarua wa shamba la mzungu alikula posho aliyopimiwa. Nafasi ya kupanda mlimani kutafuta machipukizi angeitoa wapi?

Jibu la pili ni sheria. Mwaka 1986 serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa mianzi kwenye misitu ya umma. Nia ilikuwa kulinda vyanzo vya maji, na hilo silipingi. Uganda nayo iligeuza upande wake kuwa mbuga ya taifa mwaka 1993, lakini baadaye ikafanya makubaliano na baadhi ya vijiji vya mpakani mwa msitu, watu wakaruhusiwa kuingia na kuchuma kwa utaratibu. Kwa hivyo ng'ambo kazi ya malewa ikabaki na watu wanaoishi nayo.

Tazama Uchina. Kule kuna mti unaoitwa xiangchun. Majira ya kuchipua yakianza, watu huchuma vichipukizi vyake vyekundu vyenye harufu inayokaribia ya kitunguu, wakavichemsha kidogo na kuvikaanga na mayai. Msimu ni mfupi, kwa hivyo watu huvisubiri kwa hamu. Lakini mti wenyewe wanaupanda hata uani. Mtu hahitaji kibali cha askari wa msitu ndio apike.

Mwanzi, ambao kibotania ni jamii ya nyasi, unapandika pia. Mwaka 2020 Kenya iliuingiza rasmi kwenye orodha ya mazao. Ila mazungumzo ninayosikia ni ya nguzo, fanicha na makaa. Sufuria haitajwi.

Na hapo ndipo naona hatari. Machipukizi mabichi ya mianzi yana kemikali inayotoa sumu ya sianidi; kuchemsha vizuri ndiko kunakoitoa. Lazima mtu ajue achume likiwa na urefu gani, alichemshe muda gani, moshi wa kiasi gani. Hayo hayaandikwi kwenye gazeti la serikali. Yako kwa kina kukhu, na wao wanazidi kupungua. Tukipanda mianzi leo bila kuwauliza, miaka kumi ijayo tutakuwa na msitu mzima wa mboga, na hakuna anayejua kuipika.