Taa ya Bandari ya Unguja

Mtauliza: taa ya baharini yatuhusu nini sisi watu wa Tabora? Sikilizeni.

Zamani za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, safari ya miezi mitatu hivi. Huko pembe zilipakiwa katika majahazi kuvushwa Unguja. Njiani mna miamba na mafungu, yaani mchanga uliofichwa na maji. Mchana nahodha aliyatambua kwa rangi ya maji. Usiku hakuyaona. Jahazi likipanda mwamba, jasho la miezi mitatu lilizama mara moja.

Kwa hiyo taa ilikuwa jambo kubwa. Mbele ya Beit-al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka wa 1883, palisimama mnara mrefu wa taa. Nahodha alipoiona taa ile alijua bandari ilipo. Asipoiona, heri atie nanga angoje alfajiri.

Mwezi wa Agosti 1896, Khalid bin Barghash alitwaa kiti cha usultani bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27 manowari zao zikapiga jumba lake kwa mizinga, muda usiotimia saa moja. Mnara wa taa nao ukaharibiwa. Mwaka wa 1897 Beit-al-Ajaib ilipata mnara mpya wa saa.

Waliogombana walikuwa wakubwa. Waliokosa taa ni nani? Jadilianeni, kisha kila mmoja aandike jibu lake.