Nani Humpima Daktari? Makerere na Mulago, 1924 hadi Leo

Mafunzo ya udaktari Makerere yalianza mwaka 1924, na wadi za hospitali ya Mulago ndizo zilizokuwa darasa. Wanafunzi walitoka Uganda na nchi jirani. Waliohitimu miaka hiyo hawakuitwa madaktari. Waliitwa wasaidizi wa tiba, wakafanya kazi chini ya daktari Mzungu kwa mshahara mdogo kuliko wake. Kwa hiyo, tangu mwanzo, swali la ubora wa elimu ya tiba nchini kwetu lilibeba swali jingine: nani ana haki ya kupima? Katika insha hii ninaeleza jinsi kipimo kilivyobadilika mara tatu, kisha ninatoa maoni yangu kama mwanafunzi wa Kiswahili na historia.

Kipimo cha kwanza kilitoka Uingereza. Mwaka 1949 Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1957 Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza likaitambua stashahada yake ya udaktari. Wapo wanaosema huo ulikuwa ukoloni mtupu. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Kutambuliwa huko kuliondoa kisingizio kilichowaweka wahitimu chini kwa zaidi ya miaka 30. Kipimo cha mkoloni kikawa hoja mikononi mwao ya kudai jina, cheo na mshahara.

Hata hivyo, kipimo hicho kilikuwa na upungufu. Kiliuliza kama kijana wa Makerere anajua anachokijua kijana wa London. Maradhi ya watoto wa Buganda na Busoga yalijulikana kwa kazi ya wadini. Pale Mulago, Hugh Trowell alitumia miaka mingi kuchunguza utapiamlo wa watoto. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alichapisha makala kuhusu saratani ya taya kwa watoto, ambayo leo inajulikana duniani kwa jina lake. Baadaye kikaanzishwa kitengo cha lishe chenye jina la Kiganda, Mwanamugimu, yaani mtoto mwenye afya. Huko mama wa mtoto aliyedhoofika alifundishwa kumlisha kwa vyakula vinavyopatikana nyumbani. Mwanafunzi aliyepita hapo alijifunza kwamba dawa peke yake haitoshi.

Kipimo cha pili kililetwa na shida. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, na vitisho vya utawala wake vilipozidi, walimu wengi waliondoka, wageni na Waganda. Kulingana na Uingereza hakukuwa tena jambo la kwanza. Jambo la kwanza lilikuwa nani atafundisha kesho, na kwa vifaa gani. Somo ninalolipata hapa ni kwamba mtaala mzuri bila mwalimu kando ya kitanda cha mgonjwa ni karatasi tu.

Kipimo cha tatu kilikuja mwaka 2003, Makerere ilipoanza mtaala mpya. Wanafunzi walianza kujifunza katika vikundi vidogo kwa kutatua tatizo la mgonjwa, badala ya kutegemea mihadhara. Pia walipelekwa kwenye vituo vya afya wilayani ili wajifunze miongoni mwa wananchi. Swali sasa likawa: je, daktari huyu ataweza kufanya kazi mahali ambapo hakuna Mulago?

Mwenzangu ninayekaa naye hosteli anasoma udaktari. Aliporudi kutoka wilaya moja ya kaskazini aliniambia kuwa dalili za malaria alizitambua bila shida, lakini kila alipomhoji mgonjwa alimtegemea mgonjwa wa kitanda cha pili amtafsirie. Katika mtihani wa wadini, mwanafunzi humhoji mgonjwa kisha huwaeleza watahini kwa Kiingereza. Alama hutolewa kwa maelezo hayo. Kama mgonjwa mwenyewe alielewa, au kama alisema yote aliyotaka kusema, hilo halina safu kwenye karatasi ya alama.

Leo mabaraza ya madaktari ya nchi za Afrika Mashariki hukagua vyuo vya tiba kwa pamoja. Wakaguzi huhesabu walimu, maabara na vitanda, na hiyo ni sawa, kwa sababu mwaka 1972 ulituonyesha hasara ya kuvikosa. Ninapendekeza waongeze swali moja, waliulize wadini kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali: "Je, aliyekutibu leo mlielewana?" Kwa takribani miaka 100 tumewauliza London, serikali na maprofesa kama daktari wetu anatosha. Mgonjwa amelala pale pale muda wote huo, na jibu analo.