Maji, Unyevu na Rutuba: Maneno Matatu ya Mlima Meru

Mtu asiyeizoea lugha yetu hudhani kwamba kila kisicho kikavu chatosha kuitwa kwa jina moja. Sivyo. Nguo iliyonyeshewa imelowa. Ikilowa hata ikachuruzika, ni chepechepe. Nguo iliyoanikwa tangu asubuhi isikauke sawasawa ina unyevu: ukiikamua haitoi tone, lakini ukiivaa mwili wahisi baridi. Kuni zilizonyeshewa huweza kukaushwa na jua la siku chache. Bali kuni mbichi zina maji ya uhai wa mti wenyewe, nazo hutaka subira ndefu zaidi. Kila hali ina neno lake, kwa sababu kila hali yamtaka mtu afanye jambo lake.

Katika jamaa ya maneno haya limo moja lililosafiri mbali, nalo ni rutuba. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni unyevu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, yalieleza kwa maana hiyo. Leo mkulima asemapo kwamba shamba lina rutuba, hasemi habari za unyevu, bali nguvu ya udongo ya kuotesha. Njia iliyopitwa na neno hilo si vigumu kuiona, maana udongo mkavu hauoteshi kitu. Walakini njia hiyo ina mtego: yatufanya tudhani kwamba palipo maji pana unyevu, na palipo unyevu pana rutuba.

Mlima Meru, ambao kilele chake kimepita mita 4,500, wakanusha dhana hiyo. Upande wa kusini, juu ya mji wa Arusha, mvua ni nyingi, na migomba na kahawa hustawi. Upande wa kaskazini uko katika kivuli cha mvua. Mawingu hufika huko yakiwa yamekwisha kutua mzigo wao. Wamaasai waliyapa maji ya nchi hii majina kwa sifa zake: Engare Narok, maji meusi, ambayo jina lake limebaki mjini Arusha katika Ngarenaro, na Engare Nanyuki, maji mekundu, kaskazini-mashariki ya mlima. Huko Engare Nanyuki mto wapita katika nchi kavu: maji yapo, unyevu ni haba, na bado malisho yake yafaa mifugo. Kadhalika, maji ya sehemu nyingi za mlima huu, kwa sababu ya miamba yake ya volkano, yana floraidi nyingi, na wanaoyanywa tangu utotoni huota meno yenye rangi ya kahawia. Basi si kila maji ni neema, wala si kila ukavu ni ufukara.

Tofauti hii haikuwa ya maneno tu. Tangu zama za Wadachi mashamba ya walowezi yaliwekwa chini ya mlima, na msitu wa juu ukahifadhiwa. Wameru wakabanwa katikati. Kwa hiyo nchi ya Engare Nanyuki ikawa pumzi yao. Mwaka 1947 taarifa ya Jaji Mark Wilson ilishauri kwamba nchi hiyo iwe ya walowezi, na Wameru wapewe nyingine badala yake. Mwezi wa Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto. Mahali walipoelekezwa ni Kingori, nchi ya chini na yenye joto zaidi, ambayo waliiogopa kwa maradhi ya watu na ya wanyama. Serikali ilitoa ardhi kwa ardhi, na fidia juu yake. Wameru waliikataa fidia.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet na wakili Earle Seaton walilifikisha shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Azimio la kuwaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, lakini sauti ya kijiji ilikwisha kusikika duniani, na baada ya miaka kadhaa nchi ile ilirudi mikononi mwa Wameru.

Mwenye kuandika historia ya shauri hili hana budi kuchagua maneno yake kwa uangalifu. Akiandika kwamba watu walihamishwa kutoka nchi kavu, atakuwa amesema kweli, na hata hivyo atakuwa amempoteza msomaji, kwa kuwa ukavu ule ulikuwa na mto, malisho na makaburi ya wazee. Ekari hulingana na ekari katika ramani. Mahali hapalingani na mahali. Lugha iliyotupa kulowa, chepechepe, unyevu na ubichi ilikwisha kutufundisha kutovichanganya vitu vinavyofanana kwa mbali. Aliyeshika nguo mkononi ajua kama imekauka. Aliyeitazama kutoka dirishani hukisia tu.