Istilahi za mkopo katika Kiingereza

Istilahi za mkopo katika Kiingereza ni maneno na mafungu ya maneno yanayotumika katika mikataba, barua za benki na vitabu vya hesabu kueleza uhusiano wa mkopeshaji na mkopaji. Katika Afrika Mashariki mikataba mingi ya mikopo huandikwa kwa Kiingereza, hivyo kutoelewa neno moja kunaweza kumgharimu mkopaji au mdhamini wake.

Asili ya neno "credit"

Neno "credit" lina asili ya Kilatini "credere", yaani kuamini. Liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa katika karne ya 16.

Matumizi sahihi

- "Lend" ni kukopesha, "borrow" ni kukopa. Husemwa "lend money to" na "borrow money from". Kwa kuwa kitenzi "kuazima" hutumiwa na wasemaji wengi kwa pande zote mbili, wanafunzi huandika "borrow me money". Ni kosa, sahihi ni "lend me money".
- "On credit" ni kwa mkopo: "She bought the maize on credit". Anayelipa kwa kadi hulipa "by credit card".
- Akaunti iliyo "in credit" ina salio. Iliyo "overdrawn" imetolewa fedha kuliko zilizokuwamo.
- "Principal" ni kiasi kilichokopwa bila riba. "Principle" ni kanuni. Hutamkwa sawasawa.
- Wingi wa "letter of credit" ni "letters of credit".

Maneno ya kuangaliwa katika mikataba

"By 30 June" humaanisha malipo yafanyike kabla ya tarehe hiyo kupita. "Until 30 June" hueleza jambo linaloendelea hadi tarehe hiyo, kama vile riba kutobadilika.

"Default on a loan" ni kushindwa kulipa mkopo kama ilivyokubaliwa.

Wadhamini hukutana na maneno "jointly and severally liable". Hapa "severally" haimaanishi mara kadhaa, bali kila mmoja peke yake. Watu 3 wakidhamini hivyo mkopo wa shilingi 900,000, mkopeshaji anaweza kumdai mmoja wao 900,000 zote, si 300,000 tu. Aliyelipa ndiye atakayewadai wenzake mafungu yao.