Maneno yetu yanaenda wapi? Wakaaji wa Lubumbashi mbele ya watu wa universite, redio na sanaa

Mwaka 2018 tulituma wanafunzi wetu wa darasa la tano la sekondari kwa muzee mmoja, jirani yetu hapa Makomeno. Kazi yao haikuwa kubwa: kumuuliza namna watu walikuwa wanaishi katika kambi za Union Minière, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, wakati wa posho ya kila juma. Nusu saa haikupita, tukawaona wanarudi. Muzee aliwafungulia mlango, akawapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Batoto, miye nilishasemaka. Mwende mukaulize bale balikuyaka mbele yenu.»

Jioni tukaenda sisi wenyewe. Muzee hakukasirika, alicheka tu. Alihesabu kwa vidole watu waliokuja kwake na mashini ya kushika sauti: kwanza na kaseti, nyuma na telefone, tena mmoja wa redio, tena kijana wa kupiga picha. Wote walikuwa na heshima. Wote walisema watarudi. Hakuna hata mmoja aliyerudi. Mara moja tu alipata kuona maneno yake, kwa sababu mpwa wake alimletea nakala ya kazi ya mwisho wa masomo ya mwanafunzi mmoja. Saa tatu za maongezi zilikuwa zimegeuka mistari minne. Alituuliza: «Miye niliongea paka Kiswahili. Sasa huyu mwenye anaongea Kifaransa humu, njo nani?»

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo limetufanya tushike kalamu. Katika vijitabu kama hiki tumezoea kuandika juu ya ndoa, matanga, majina na ngoma. Lakini mji wetu una desturi nyingine ambayo hatuihesabu kuwa desturi: namna mtu wa Lubumbashi anavyoongea na watu wa kazi ya maneno na picha, yaani profesa, mwandishi wa habari, msanii. Desturi hii ina historia yake, na historia hiyo haikuanza na sisi kuulizwa. Ilianza pia na watu walioamua kusema wenyewe.

Tukumbushe kidogo. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville ulianza mwaka 1910, wakati ule ule njia ya reli ilifika kutoka kusini. Watu walikuja kazini kutoka pande nyingi, kila mmoja na lugha ya kwao, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi, ya soko na ya kambi. Kifaransa kilibaki lugha ya karatasi. Universite ilipofunguliwa mwaka 1956 ilikuta mpango huo tayari, na haikuubadilisha. Kwa hiyo tangu mwanzo, mtu mwenye ukumbusho mrefu na mtu mwenye kuandika walikuwa wanakutana kwenye mlango wa lugha mbili, na mwenye kuandika ndiye alikuwa anashika ufunguo.

Lakini mwaka 1965 kulitokea jambo ambalo tungependa kila mwanafunzi wa hapa alijue. Mtu mmoja, André Yav, alipiga kwa mashini historia ya mji huu, kwa jina la chama cha watu waliokuwa wamefanya kazi ya boyi katika nyumba za wazungu. Waliiita kwa Kifaransa «Vocabulaire», lakini ndani ni Kiswahili, Kiswahili chetu, pamoja na namna yetu ya kuunganisha maneno na kuyakata. Hakuna profesa aliyewatuma. Hakuna aliyewalipa. Boyi ni mtu anayesimama nyuma ya kiti wakati wakubwa wanaongea. Anasikia yote, na hakuna anayemuuliza kitu. Hawa waliamua kwamba wamesikia vya kutosha, wakaandika namna mji ulivyojengwa na nani alivumilia nini.

Andiko hilo lilitoka kama kitabu mwaka 1990, huko Uholanzi, kwa kazi ya Johannes Fabian, mtaalamu mzaliwa wa Ujerumani, pamoja na Kalundi Mango wa hapa kwetu. Na hapa kuna jambo linalotufurahisha sana sisi walimu. Profesa alijua Kiswahili cha Katanga, lakini karatasi ilimshinda. Alama hazikuwepo, maneno yalikuwa yameshikamana. Ikabidi Kalundi Mango asome kwa sauti, kama mtu anayeongea, ndipo maana ikatoka. Yaani Yav hakuandika kwa ajili ya macho. Aliandika kwa ajili ya kinywa cha mtu wa hapa, na profesa akalazimika kukaa chini na kusikiliza kama wengine.

Fabian huyo tunamjua pia kwa sababu ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, na hapo tutakaa zaidi kidogo.

Wakati wa miaka ya 1970 nyumba nyingi za mji wetu zilikuwa na picha ya kuchorwa ukutani, sebuleni. Watu walikuwa wanaziita ukumbusho. Kulikuwa mamba muntu, kulikuwa zile za «Colonie belge» zenye mfungwa anayepigwa fimbo mbele ya bendera. Ulikuwa unanunua picha, unaiweka, mgeni anaingia, maongezi yanaanza. Picha ilikuwa na kazi hiyo. Tshibumba, aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa mmoja wa wachoraji hao. Alikuwa anatembeza picha zake mlango kwa mlango, na kwa njia hiyo alimfikia Fabian, ambaye wakati huo alikuwa anafundisha hapa, maana tangu mwaka 1971 fakulte ya barua ilikuwa imehamishiwa Lubumbashi.

Angeweza kumuuzia picha mbili tatu na kwenda zake. Lakini alipojua kwamba mbele yake kuna mtu wa masomo, alibadilisha mpango. Alimwambia kwamba yeye ni mchoraji wa historia, na kwamba angeweza kuchora historia yote ya nchi, tangu wakati wa mababu. Katika mwaka 1973 na 1974 alichora picha karibu mia moja, akazipeleka nyumbani kwa profesa, na moja baada ya nyingine akazieleza kwa Kiswahili, mashini ikishika sauti. Muko Lumumba humo, muko Katanga ya Tshombe, muko wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi mwezi wa 12 mwaka 1941. Juu ya hao wa 1941, hesabu ya serikali na hesabu ya wazee hazikulingana hata siku moja, na mchoraji alijua yuko upande gani.

Kuna watu wanasema Tshibumba alitumiwa. Sisi hatukubali kwa urahisi. Mtu anayejipa mwenyewe jina la mwanahistoria mbele ya profesa, anayechagua nini kianze na nini kifuate, huyo hajaletwa kwenye maongezi kwa kamba. Alijua anaongea na nani. Alijua kwamba mtu huyu atavuka bahari na sauti yake, na alipanga maneno kwa ajili ya safari hiyo. Swali letu ni lingine. Tshibumba alipotea karibu na mwaka 1981, na mpaka leo hatujui mwisho wake. Kitabu cha picha zile kilitoka Marekani mwaka 1996, kwa Kiingereza. Picha zenyewe ziko Amsterdam tangu mwaka 2000, katika museo ambayo wakati ule iliitwa Tropenmuseum. Maongezi ya Kiswahili yaliwekwa baadaye kwenye intaneti, na hilo ni jema, tunashukuru. Lakini jaribu kuuliza darasani hapa Lubumbashi nani amekwisha kuona hata picha moja ya hizo. Tumejaribu. Mkono mmoja uliinuka, na yule mtoto alikuwa amechanganya na mchoraji mwingine.

Afadhali wale wa teatro, kwa sababu maneno yao yalibaki kwanza hapa. Mufwankolo na wenzake, nani katika rika letu hawajui? Michezo yao ilipita kwenye redio na televisheni, kwa Kiswahili cha barabarani, bila karatasi ya kusoma: walikubaliana juu ya habari, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake. Wataalamu waliwafuata na hao. Walter Schicho wa Vienna na Mbayabo Ndala walitoa kitabu juu yao mwaka 1981. Mwaka 1986 Fabian aliyetajwa juu alirudi, akawauliza wachezaji maana ya msemo mmoja aliousikia mezani, kwamba madaraka yanaliwa mazima, hayagawanywi. Mtu mwingine angejibu swali, kwisha. Wao walianza kubishana, mmoja anasema hivi, mwingine vile, mpaka wakaamua kuugeuza mchezo. Waliucheza katika kijiji cha Kawama na televisheni ikaupiga. Hivyo jibu la profesa lilitolewa mbele ya watu wote, na yeye akalipata pamoja na watu wote. Sisi tunaona hiyo ndiyo namna nzuri kuliko zote za kumjibu mtu wa masomo.

Baadaye watu wa universite yetu wenyewe walianza kuona deni. Profesa Dibwe dia Mwembu, aliyeandika juu ya jamaa za wafanyakazi wa kampani katika kitabu chake cha «Bana Shaba» cha mwaka 2001, alianzisha pamoja na Bogumil Jewsiewicki mpango wa «Mémoires de Lubumbashi» katika mwaka 2000. Watu waliombwa wasilete maneno tu, walete na vitu vya nyumbani, na vitu hivyo vikaonyeshwa hapa mjini ili wenyewe waje kuvitazama. Mojawapo ya vitabu vya mpango huo, cha mwaka 2001, kina neno letu kwenye jalada: «Ukumbusho». Ndani ni Kifaransa, ndiyo, lakini neno lile lilipenya. Vijana wa picha nao, akina Sammy Baloji, walipoanzisha kituo chao na maonyesho ya kila miaka miwili kuanzia 2008, walikiita Picha, wala hawakutafuta jina huko Paris.

Sasa tuseme na makosa yetu, maana ni rahisi kulaumu wageni. Nani anamfundisha mtoto wa Lubumbashi kwamba Kiswahili si lugha ya kuandika? Ni sisi. Tumekwisha kuwapa wanafunzi azabu kwa sababu waliongea Kiswahili katika ua wa masomo, na baadaye mtoto yule yule tunamtuma kwa muzee na daftari. Anasikia Kiswahili, anaandika Kifaransa, anageuza huku anatembea. Kile ambacho hakijui kwa Kifaransa anakiruka. Na mara nyingi kile anachoruka ndicho muzee alitaka kusema. Hata sisi, wakati wa kutafuta diploma yetu, tulifanya hivyo, na wale waliotupokea wakati ule hatukurudi kuwaona. Wengine tayari wamekufa.

Turudi kwa muzee. Baada ya majuma mawili alikubali, lakini aliweka masharti. Kila kitu kiandikwe vile anavyosema, kwa Kiswahili chake, na kabla ya mtu mwingine kusoma, asomewe yeye. Alisema macho yake hayako mazuri tena. Sisi tulielewa kwamba hata yangekuwa mazuri angetaka kusomewa. Tulichagua wanafunzi wanne. Mmoja aliuliza, wawili waliandika, wa nne alishika telefone ya kurekodi. Kuandika Kiswahili kuliwapa taabu kuliko tulivyofikiri. Hawakujua wakate neno wapi, waliulizana kwa sauti ndogo kama wezi, na muzee alikuwa anawangoja.

Siku ya kusoma alikaa chini ya mwembe, akaita na mke wake asikilize. Msichana mmoja alisoma. Alipofika kwenye mstari wa posho, ambapo tulikuwa tumeandika kwamba kampani iliwapa unga, samaki na mafuta, muzee aliinua mkono.

— Hapana. Habakutupa. Ile ilikuwa mushahara yetu, balikuwa banaihesabu pa mushahara. Andika: tulikuwa tunapokea.

Msichana alifuta, akaandika. Alisoma tena tangu mwanzo wa ukurasa. Mama akaongeza kwamba samaki ule ulikuwa mukavu na wenye kunuka, hilo nalo likaingia. Kazi ilimaliza siku nzima, na kurasa sita zikabaki nne, kwa sababu mambo mengine aliyafuta kabisa. Alisema ni ya jamaa, si ya masomo.

Tulimuuliza kama angetuambia pia habari ya baba yake na mwaka 1941, kwa sababu alikuwa ameigusa kidogo akaiacha. Alisema tulete kwanza hizi kurasa nne zikiwa zimepigwa na mashini, nakala mbili. Tuliziletea siku ya Mungu iliyofuata, baada ya misa. Alitia sahihi kwenye nakala moja, akaturudishia. Nyingine akaikunja, akaitia katika mfuko wa plastiki alimohifadhi kadi yake ya kazi, kisha akamwambia mke wake alete viti vingine.